Maji ya Penllyn

Liverpool, 14 Septemba

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kubisha hodi. Uliponiandikia kwamba halmashauri yenu inagawanywa tena na hujui utaangukia upande gani, nilicheka peke yangu, maana ndiyo kwanza nimetoka Wales kuzuru kaburi la halmashauri.

Iliitwa Wilaya ya Vijijini ya Penllyn. Ilizaliwa na sheria ya 1894, ikauzunguka mji wa Bala bila kuwa na mamlaka nao, kwani Bala ulikuwa na baraza lake. Vijiji vyake, kama Llanuwchllyn na Llandderfel, ni vya wafugaji wa kondoo, na Kiwelisi kinasemwa huko mpaka leo. Kazi za baraza ungezijua hata usingizini: maji, maji taka, nyumba za kupangisha.

Basi jiji hili ninaloishi likatamani bonde la Tryweryn, lililokuwa humo humo Penllyn, ligeuzwe bwawa la kulipatia maji. Bondeni kulikuwa na kijiji, Capel Celyn, na shule yake, posta, kanisa na makaburi. Ungedhani wenyeji wangeombwa ruhusa. Wapi! Liverpool ilikwenda moja kwa moja bungeni London, ikapata sheria yake mwaka 1957, na mabaraza ya huko yote yakarukwa. Wabunge wa Wales walikuwa 36. Hakuna hata mmoja aliyeiunga mkono. Wanakijiji waliwahi kuja kuandamana hapa mjini, 1956. Wapi tena. Mwaka 1965 bwawa likafunguliwa.

Nilisimama ukingoni. Maji meusi, kimya, na kikanisa cha ukumbusho. Mawe ya makaburi yamehamishiwa pale nje; maiti wengi walibaki chini, wakafunikwa zege. Nilijaribu kusoma majina, mawili tu, nikashindwa, nikarudi garini.

Baraza lenyewe lilifutwa 1974, likamezwa na wilaya kubwa zaidi, Meirionnydd. Meirionnydd nayo haikumaliza hata miaka 25: 1996 ikaingia halmashauri kubwa ya Gwynedd. Liverpool ilikuja kuomba radhi 2005, na Penllyn haikuwa na hata karani wa kuipokea barua hiyo.

Maji yale hushuka kwa mto Dee, yakachotwa karibu na Chester na kuletwa huku. Tangu nirudi, kila nikijaza birika huchelewa kulibandika.

Niambie ukishapangiwa upande. Mama na watoto wote nawasalimu.

Wako,
Zuhura