Hindi lako lina punje za madoa? Soma kwanza kabla hujarudisha mbegu

Msimu wa kuvuna ukifika tu picha zinaanza kuingia WhatsApp ya duka: hindi jeupe zuri kabisa halafu punje kadhaa zina madoadoa ya zambarau, na swali ni lile lile, mmeniuzia feki? Hapana jamani. Mara nyingi jirani ana mahindi ya rangi na chavua yake imepeperuka ikatua kwenye ndevu za hindi lako.

Sasa kuna mteja katuuliza swali la maana, mbona kwa jirani, ambako chavua yangu nyeupe ndo ilienda, punje zimekolea rangi bila doa hata moja? Si mchanganyiko ni ule ule?

Ni ule ule, ila kuna jeni moja ya rangi inaitwa R1, na aina zake nyingine zinajali zimetoka kwa mama au kwa baba. Ile sehemu ya punje tunayosaga unga ina seti 2 za jeni za mama na 1 ya baba, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani ni hesabu tu, dozi ya baba haitoshi. Mwaka 1970 Mmarekani Jerry Kermicle akapata punje zenye dozi 2 za baba na madoa yakabaki pale pale!

Kinachotokea ni kwamba jeni inaweza kufungwa kwa vialama vya kemikali, methili, na upande wa mama kuna kimeng'enya kinavifuta kabla hata chavua haijafika, basi ya mama inaanza kazi ikiwa wazi wakati ya baba inaingia bado imefungwa, inafanya kazi chembe hapa chembe pale, ndo hayo madoa. Na ukiipanda punje ya madoa, mmea wake ukiwa mama, jeni hiyo hiyo ya baba inatoa rangi kamili, maana alama zinafutwa upya.

(Kuna madoa mengine yanaletwa na jeni zinazohamahama, hayo ni mambo tofauti kabisa.)

Wanaochanganya mbegu wenyewe, mtuambie mstari upi ni mama, na huo mng'oe mbelewele mapema kabla hazijamwaga chavua. Ukija dukani leta hindi zima, usipukuchue, maana tunakwangua ganda la juu kwa kucha tuone: rangi ikiwa kwenye ganda lenyewe hiyo ni ya mmea mama, chavua ya jirani haihusiki.