Barua ya wazi kwa wanangu wa Mtwara mnaosoma uchumi

Wanangu,

Marahaba nyote. Likizo hii nimewasikia mkibishana bei ya korosho, kila mmoja na grafu yake kwenye simu. Mlinifurahisha. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaja kilichomo ndani ya gunia, na mimi niliyekuwa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika mpaka mgongo uliposema basi, ndilo ninalolijua.

Yupo mchumi Mmarekani anaitwa George Akerlof. Makala yake kuhusu soko la magari yaliyotumika ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa mwaka 1970. Kuna walioiona ni jambo dogo mno. Mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobeli ya uchumi. Anasema hivi: muuzaji anaijua bidhaa yake, mnunuzi haijui. Basi mnunuzi hutoa bei ya kubahatisha, ya kati kwa kati. Mwenye bidhaa nzuri akiona haimlipi hujitoa, sokoni zikabaki mbovu. Humo humo ametaja akina mama wa India wanaochambua mchele kutoa mawe yaliyochanganywa makusudi, ya rangi na umbo la mchele wenyewe. Mwalimu mmoja aliponisimulia hilo nilicheka sana, kwa sababu mimi nimemwaga gunia kwenye turubai nikakuta juu korosho safi, katikati changa, chini mchanga.

Mwenye gunia lile alipata kilo za bure. Aliyelipia ni jirani yake aliyeanika na kuchambua vizuri, maana mnunuzi wa mnadani hutaja bei ya shehena nzima, hajui ya nani ni ipi. Ndiyo sababu ya kupanga daraja la kwanza na la pili. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa hati mpaka ziuzwe mnadani, ianze kwetu msimu wa 2007/2008, ugomvi mwingi niliousuluhisha ulikuwa hapo kwenye daraja, wala si kwenye bei mnayoishika nyinyi.

Amartya Sen, mchumi wa India, alikuwa mtoto njaa ya Bengal huko kwao ilipoua watu kwa mamilioni mwaka 1943. Alipokuwa mtu mzima alirudi kwenye takwimu akaonyesha kwamba chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kuleta maafa yale. Watu wa vibarua walikuwa hawana tena uwezo wa kukinunua. Mkisikia mtu kauza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa pembeni kwa bei ya chini, mwezi mmoja kabla ya mnada, msimwite mjinga. Muulizeni ada ya mtoto ilidaiwa lini.

Elinor Ostrom nimewawekea mabinti. Alinyimwa nafasi ya udaktari wa uchumi kwa kuwa hisabati yake ilikuwa pungufu, akasomea sayansi ya siasa. Akachunguza wavuvi na wakulima wa umwagiliaji, wanavyowekeana sheria wenyewe na kuzilinda. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Hapa pwani yetu ya Msimbati wavuvi wapo, na hamjawauliza kitu.

Wasioshika gunia nao tumewaona. Mwaka 1946 Waingereza walileta wataalamu wa kuangalia ardhi ya karanga. Wakazunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Nachingwea ikafyekwa, reli ikajengwa, bandari yetu ya Mtwara ikachimbwa. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na pauni milioni 36 hivi zimeteketea. Bandari tunaitumia, sawa, lakini hiyo haikuwa hesabu yao.

Kuna jambo jingine ambalo hamtafundishwa darasani. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu mwaka 1966, alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1979 alipotofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Akajiuzulu. Nani alikuwa sahihi, wazee bado tunagombana. Ila mtu alisema alichokiona kwenye hesabu, akaondoka kwa miguu yake. Mkiajiriwa mtaombwa kulainisha namba. Amueni mapema mtajibu nini.

Msimu unafunguliwa Oktoba. Anayetafuta mada ya utafiti aje kwenye chama cha msingi kabla foleni haijaanza, nitamwombea ruhusa ya kukaa na karani. Aje na daftari na kanga au leso ya kuziba pua, vumbi la magunia ni kali. Na asimuulize mkulima swali lolote kabla hajamsaidia kushusha mzigo.

Babu yenu, karani mstaafu