Kwa nini narudi darasani

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa nini, baada ya kuhangaika miaka yote hii kutafuta maisha Marekani, nimeamua kusomea shahada ya uzamili katika uchanganuzi wa tabia, yaani fani ya kuchunguza kinachosababisha tabia ya mtu na namna ya kuibadilisha, ilhali ningeweza kuongeza zamu kazini tukapumua kidogo. Swali lako ni la haki, nami nakujibu kwa maandishi ili unisome kwa utulivu.

Kazi ninayofanya na watoto wenye usonji haidai shahada. Niliingia kwa mafunzo ya saa 40, tathmini ya utendaji na mtihani, na kazi yangu ni kutekeleza mpango ulioandikwa na mwingine. Yupo mtoto asiyesema ambaye, kila alipowekewa kazi ya mezani, alijipiga ngumi kichwani. Tuliandika kilichotangulia, alichofanya na kilichofuata, mpaka ikabainika kwamba kila akijipiga, kazi huondolewa. Hakuwa mtukutu hata kidogo: aliomba kupumzika kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Alipofundishwa kutoa kadi ya kuomba mapumziko, na kadi ile ikaheshimiwa, ngumi zilipungua. Watafiti Edward Carr na Mark Durand walikwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba mtoto akipewa namna nyingine ya kuomba anachokihitaji, fujo hupungua, lakini kulishuhudia jambo hilo mwenyewe ndiko kulikonivuta.

Kilichonisukuma zaidi, hata hivyo, ni wazazi. Vikaoni nimewaona wahamiaji wenzangu wakiitikia kwa kichwa kila wanachoambiwa, kwa sababu wanaona haya kwa Kiingereza chao na kwa sababu kumpinga mtaalamu wanakuona kama kuipinga serikali. Nadra kuwasikia wakiulizwa nani hushinda na mtoto nyumbani, wanazungumza naye lugha gani, au kama kumkazia macho mtu mzima, jambo ambalo mpango unamdai mtoto, kwao ni utovu wa adabu. Mimi nayajua majibu, lakini sina mamlaka ya kubadilisha hata mstari mmoja. Mwenye mamlaka hayo ni mchanganuzi wa tabia mwenye cheti, na cheti chenyewe hudai uzamili, saa 2,000 za mazoezi chini ya msimamizi, au 1,500 kwa usimamizi wa karibu zaidi, kisha mtihani.

Wapo pia watu wazima wenye usonji wanaosema kwamba tiba hii ya kubadilisha tabia iliwafundisha kuficha maumivu yao ili wawapendeze wengine. Nawaamini, na ndiyo maana nataka kusoma kwa kina maadili ya fani hii, hasa namna ya kutambua kwamba mtoto asiyesema amekubali au amekataa.

Muhula ukianza, nitakuwa darasani jioni mbili kwa wiki. Naomba jioni hizo umsimamie mdogo wako katika kazi zake za shule, na mzigo ukikuelemea uniambie mapema, maana sitaki masomo yangu yaharibu ya kwako.

Akupendaye,
Mama yako