Kwa mpwa wangu anayeandika hadithi za majambazi

Mpwa wangu,

Hadithi yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kwenye matatu, nikapitiliza steji, kwa hivyo usidhani haikuninasa. Shida yangu ni huyo jambazi wako. Ana bastola mbili kiunoni kabla hatujajua jana alikula nini.

Unajua kazi yangu: miaka kumi na tisa nimekuwa mkalimani mahakamani. Bastola nimeziona pale, zikiwa vielelezo mezani, tena chache. Nilichozoea kuona ni vijana wawili na simu moja. Mmoja alinyakua na kumsukuma mwenye simu, wa pili alisimama kwenye kona akiangalia watu. Sasa fungua Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu 296(2). Si lazima mtu awe na silaha. Akiiba kwa nguvu naye yuko na mwenzake, mmoja tu, huo tayari ni wizi wa mabavu, na adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Tangu 1987 hakuna aliyenyongwa nchini, lakini hukumu haijafutwa, na mtu huzeeka ndani akiisubiri.

Siku moja yule wa kwenye kona alitaka kukiri haraka ili arudi nyumbani. Hakimu akamtahadharisha, nami nikamfasiria: kosa hili adhabu yake ni kifo. Akaniinamia akaninong'oneza, "Kwani nani alikufa?"

Andika huyo. Andika kufuli ambayo landilodi aliitia mlangoni tarehe sita, sufuria na sare ya shule ya mdogo wake zikiwa ndani. Andika mjengo uliosimama kwa sababu saruji haikuja, na fundi anayesema "njoo kesho" wiki nzima. Andika mama yake akihesabu noti za dhamana kwenye ngazi za mahakama, akizihesabu tena kana kwamba zitaongezeka. Mtaani kwenu hayo unayaona kila siku, ndiyo maana huyaoni.

Najua unampenda John Kiriamiti, yule mwizi wa benki aliyegeuka mwandishi. Hata sisi! Kitabu chake cha maisha yake ya ujambazi, My Life in Crime, kilipotoka 1984, mimi na mama yako tulikisoma kwa zamu, tukigombania tochi. Lakini wasomaji hukumbuka mabenki tu. Mtu huyo alifungwa 1971, akahukumiwa miaka 20, na kitabu kilitoka mwaka uleule alioachiliwa. Hesabu hapo katikati ujana wake ulikwenda wapi.

Halafu sura ya tatu, usimkimbize juu ya mapaa. Mabati ya mtaa huo yameoza. Nimewahi kupaka lami paa lenu, najua. Atatumbukia kwenye ugali wa jirani.

Jumapili njoo uchukue daftari lako. Mama yako asione ile kalamu nyekundu.

Mjomba wako