Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wenye maduka wa Posta, katikati ya Dar es Salaam,

Kabla ya yote, naomba tusimame dakika moja kuwakumbuka waliopoteza maisha Novemba 16, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo. Wengi wetu tunachukua mzigo kule, na tuna ndugu na wateja kule. Mungu awalaze mahali pema.

Mahesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nashukuru tu waliolipa ada bila kukumbushwa. Muda wangu nautaka kwa jambo moja: wateja wanarudi mjini, na wanatukuta tumefunga.

Walivyoondoka tunajua. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006, familia zikahamishia Jumamosi zao kule, ambako gari lina pa kuegeshwa na watoto wana pa kuzunguka. Mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia Dodoma kwa kasi, na watu wa wizarani waliokuwa wakishuka mchana kununua shati au kupimwa suti nao wakaenda. Posta ikawa mahali pa kufanyia kazi na kukimbia. Saa kumi na mbili jioni, Samora nzima ni mageti na makufuli, na sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu mwaka 1927, hubaki na walinzi peke yao.

Mwaka huu mambo yamegeuka. Treni ya SGR ilianza safari za Morogoro Juni 14 na za Dodoma Julai 25, na abiria wanashuka Stesheni, mwendo wa miguu tu hadi madukani kwetu. Jioni moja ya Septemba nilikuwa navuta geti, akatokea mama mmoja na binti yake, begi la magurudumu likigonga kwenye mawe ya njia. "Kaka, usiniambie umefunga." Nikamtambua. Alikuwa mfanyakazi wa wizara moja hapa jirani, mteja wangu wa miaka. Binti ana sendofu, na mama hakutaka khanga za mahali pengine. Nikafungua. Wakachagua doti sita, wakizikunjua moja moja mezani na kusoma maandishi kwa sauti, wakicheka. Walipomaliza akauliza viatu vya binti avipate wapi. Nikatoka naye mlangoni, nikatazama kulia na kushoto. Hakukuwa na duka lililo wazi. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo iliyoandika taarifa hii.

Wala si wasafiri pekee. Jumapili naona vijana wanashuka mwendokasi Posta ya Zamani na kamera zao, wanapiga picha balkoni za majengo ya zamani, wanaingia Boma la Kale pale Sokoine Drive, wanapita Azania Front hadi Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Wakichoka wanatafuta juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, mishikaki, kahawa na kashata. Wauza kahawa wanawahudumia. Sisi wenye frem, tunaolipa kodi ya pango ya siku zote thelathini, tuko nyumbani tumelala.

Najua hoja zenu. Usiku ni giza, na vibaka wapo. Ni kweli, na taa za barabarani tumeziandikia barua mara tatu bila jibu. Barua ya nne nitaipeleka kwa mkono. Lakini tangu Oktoba wenzetu wachache tumekubaliana kuacha taa za vioo vya maduka zikiwaka hadi saa nne usiku, na kipande kile cha mtaa sasa akina mama wanapita bila kuharakisha. Umeme umepanda kidogo, sikatai. Dada zetu wa vipodozi wanasema mauzo ya saa moja jioni yanaulipa.

Kwa hiyo naleta azimio mbele yenu: kuanzia Januari, Ijumaa na Jumamosi tufunge saa tatu usiku, na Jumapili tufungue saa nne asubuhi hadi saa kumi. Gharama ya walinzi wa ziada tuichange kwa mtaa, si kwa duka. Anayekubali aandike jina lake kwa katibu kabla hatujatawanyika. La kwangu liko juu ya karatasi.