Fundi, pima kwanza ndo uniambie betri imekufa

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wetu wa magari hapa Dodoma, sio wote, ila wengi wao. Gari ikigoma kuwaka, unazungusha funguo inalia tak tak tak afu kimya, fundi anakuja, hata boneti hajafungua vizuri anakwambia "bosi hiyo betri imekufa, lete hela nikakuchukulie nyingine." Na betri mpya siku hizi sio hela ya mboga.

Jirani yangu huku Nkuhungu kafanyiwa hivyohivyo. Gari ilikuwa inamsumbua asubuhi, si unajua asubuhi zetu za mwezi wa saba na ule upepo, akauziwa betri mpya gereji moja ya mjini, ikawaka siku mbili tatu ugonjwa ukarudi vilevile. Sasa wakahamia kwenye stata, ile mota ya kuwashia injini, eti nayo imekufa. Nikamwambia jirani, shemeji usitoe hata mia, ngoja nilete mita ya kupimia umeme. Betri ikasoma volti 12.6, yaani imejaa kabisa. Tukashika ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mkewe akapiga stata, mita ikaruka mpaka juu ya volti 2 wakati hapo inatakiwa isifike hata nusu volti, maana yake umeme unakwama njiani. Tukaufuata waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na injini, mpaka pale unapofungwa kwenye injini, bolti inacheza kwa mkono, chini yake kuna unga wa kijani, na nyuzi za waya zimekatika karibu nusu. Tukachomoa hasi ya betri, tukaweka waya mwingine, msasa mpaka chuma kikang'aa, spana, basi. Iliwaka hapohapo. Betri yake ya zamani sasa, ameshaiacha gereji, na betri chakavu ina soko lake, inapimwa kwa kilo kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo, kwahiyo hapo kapigwa mara mbili.

Mhariri, kinachoniuma ni kwamba ule mlio wenyewe unaongea ila watu hawausikilizi. Ukisikia tak tak tak ya harakaharaka, mara nyingi ni umeme mdogo: soleneti, yaani swichi ya sumaku inayoipa stata umeme, inavutwa na umeme kidogo tu, lakini mota ikitaka kuzunguka inadai ampea mia na zaidi, betri inazidiwa, volti zinaanguka, soleneti inaachia, volti zinapanda inavuta tena, ndo hiyo tak tak unayoisikia. Inaweza kuwa betri, inaweza kuwa vichwa vya betri vimeota ule unga mweupe, au waya kama wa huyu jirani. Vichwa vyenyewe ni kufungua na spana namba 10, unaanza na hasi, unamwagia maji ya moto yenye baking soda, unasugua, unakausha, unarudisha hasi mwisho. Ila ukisikia "tak" moja nzito na mota haizunguki, washa taa kubwa ndo upige stata. Taa zikizima au zikififia sana rudi kwenye betri na nyaya, zikibaki kali vilevile sasa ndo tuongee habari za stata. Na hata hapo sio lazima ununue stata nzima ya mtumba, kwenye magari mengi ya Japani kinachokuwa kimelika ni vile vipande vya shaba ndani ya soleneti au kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota, vinabadilishwa peke yake. Kuigonga stata na spana inaweza kukutoa porini ukafika Manyoni, lakini ukizima hujui kama itakubali tena.

Halafu kuna altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwa inazunguka, ambayo ndo inasahaulika kabisa. Gari ikiwa inaunguruma mita isome kama 13.8 mpaka 14.5 pale kwenye betri, ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka ujue hamna chaji, hata ukinunua betri tatu zote zitaisha.

Sikatai kwamba betri zinakufa. Zinakufa sana huku, magari yanashinda juani kule Mtumba kwenye ofisi za serikali kutwa nzima, maji yanakauka ndani, jua ndo linaua betri, baridi ya mwezi wa saba inakuja kutangaza msiba tu. Ikikaa usiku kucha baada ya kuchajiwa ikasoma chini ya 12, au ukipiga stata ikaporomoka chini ya 9.6 na nyaya ni safi, sawa, hiyo nunua.

Ombi langu kwa wenye gereji ni dogo. Mita bei yake haifikii betri hata kidogo, nunueni, afu kwenye risiti muandike volti zilisoma ngapi kabla hamjagusa kitu na ngapi baada ya kumaliza. Na kifaa cha zamani mteja aondoke nacho, kama ni cha kuuza kwa kilo atauza mwenyewe.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma