Kidonda kilichokauka si kidonda kilichopona: barua kwa waliotahiriwa ukubwani

Wanangu na wadogo zangu,

Nawasalimu ninyi mliotahiriwa juzi, au wiki iliyopita, mnaotembea miguu imeachana na kumwambia kila anayewauliza kwamba ni nyonga inayouma. Nawatambua kwa sababu nami nilitembea hivyohivyo. Nilipotahiriwa nilikuwa na miaka 43, baba wa watoto, na jambo lililoniumiza kuliko wembe ni aibu. Kwa hiyo nitayasema wazi yale ambayo mimi sikuthubutu kuyauliza.

Wiki ya tatu nilijikagua nikaona pamekauka. Nyuzi zilikuwa zimekwisha kudondoka zenyewe, uvimbe umeshuka. Muuguzi alisema nisifanye ngono kwa wiki 6, lakini nilijiambia mwili wangu hupona haraka. Usiku ule nikamwendea mke wangu. Kidonda kilifumuka, damu ikatoka, nami nikafunga kitambaa nikanyamaza siku mbili kwa kuona haya kurudi kule nilikoonywa. Siku ya tatu kulikuwa na usaha na homa. Kidonda cha wiki 6 kikanichukua zaidi ya miezi mitatu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nauficha hata kwa watu ambao kazi yao ni kuutibu.

Basi zielewe hizo wiki 6, maana si kipimo cha uvumilivu wako. Ngozi ya juu huungana mapema, ndiyo maana unapaona pamekauka. Chini yake nyama bado ni changa, haijakamata, na msuguano huichana hata bila wewe kuona. Mchaniko huo ni mlango. Kama mwenzako ana virusi vya UKIMWI, unamfungulia njia ya kukuambukiza. Kama unavyo wewe, unamhatarisha yeye. Kondomu haikilindi kidonda kibichi kisitoneshwe. Punyeto nayo imo katika katazo hilo, ingawa wengi huona haya kuitaja. Mwambie mwenzako tarehe yenyewe, mhesabu pamoja. Kwangu mke wangu hakuijua tarehe, kwa sababu sikumwambia.

Sasa usiku. Hakuna aliyenieleza habari ya usiku, nikadhani nina kasoro. Mwanamume mzima husimamisha mara kadhaa akiwa usingizini bila kuwaza lolote. Ni kazi ya mwili. Kukiwa na nyuzi, utaamka kwa maumivu makali. Usiogope, mara nyingi nyuzi huhimili. Kojoa kabla ya kulala na usinywe maji mengi jioni. Ukiamshwa, inuka, nenda ukakojoe, tembeatembea chumbani ukanyage sakafu ya baridi, na itatulia. Wiki mbili za kwanza ndizo ngumu. Kwa maumivu ya kawaida, meza dawa uliyopewa au parasetamoli kwa kipimo chake. Aspirini usiimeze bila kumuuliza daktari, kwani hufanya damu ichelewe kuganda.

Usafi ni mwepesi kuliko watu wanavyoufanya. Bandeji iache ilivyo, kavu, kwa saa 24 hadi 48 kama ulivyoelekezwa, na mwili mwingine ujifute kwa kitambaa chenye maji. Ikifika saa ya kuitoa na imegandana na kidonda, usiivute! Ilowanishe kwa maji safi ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe. Kuanzia hapo nawa mikono kwanza, kisha osha kidonda mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato makali, ukimimina bila kusugua. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi. Chupi ibadilishwe kila siku, na iwe ya kubana kiasi ili uume ulale ukielekea kitovuni kwa wiki ya kwanza. Ukining'inia chini, majimaji hukusanyika na uvimbe huongezeka.

Utaona utando wa manjano unaonata kwenye mshono. Huo si usaha, ni sehemu ya kupona, usiukwangue. Kichwa cha uume nacho kitakuwa kinawasha na kushtuka kwa kila kitambaa kinachokigusa. Kitazoea.

Hapa nawasihi kwa moyo wote: msipake kitu ambacho hamkupewa na aliyewatibu. Si majivu, si majani yaliyopondwa, si mafuta ya mnyama, si dawa ya meno, si spiriti. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na dawa ya kuokotezwa inaweza kuviingiza moja kwa moja kwenye kidonda. Pepopunda huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kujitokeza, taya zikakaza na misuli ikakakamaa, na huua. Chanjo yake ipo. Kama hukumbuki lini ulichanjwa, uliza. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, na mvutaji aiache sigara angalau mpaka apone, kwa sababu vyote viwili huchelewesha kidonda.

Kazi nyepesi mnaweza kuirudia baada ya siku chache. Kubeba mizigo, baiskeli na mpira visubiri mpaka anayewakagua aseme.

Jambo jingine ambalo naona linasahaulika. Majaribio matatu yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa karibu asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kama kinga mojawapo. Mojawapo, wanangu. Asilimia iliyobaki ni watu. Mkishapona, kondomu bado ni yenu.

Damu ikitiririka, bana kwa shashi au kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, na kama haikukata nenda hospitali ukiwa bado umebana. Nenda pia ukishindwa kukojoa, ukipata homa, harufu mbaya, usaha mzito, wekundu unaosambaa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Nenda hata kama ni usiku, na hata kama kosa ni lako. Mimi siku ile niliporudi nilijiandaa kugombezwa. Muuguzi alivaa glavu, akaniuliza imeanza lini, akaanza kuosha.

Mzee wenu